Tairi la pikapu: Bei hulipwa dukani, kilo hudaiwa barabarani

WAFANYABIASHARA wengi wa mazao wanapokwenda kununua tairi huuliza mambo mawili tu, saizi ya rimu na bei. Swali la tatu, ambalo mara nyingi ndilo linaloamua kama nyanya au viazi vitafika sokoni, huulizwa kwa nadra: tairi hili linabeba kilo ngapi?

Swali hilo lina uzito zaidi leo. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009. Nchini Kenya, kampuni ya Sameer Africa, iliyokuwa ikitengeneza matairi ya Yana, ilifunga kiwanda chake cha Nairobi mwaka 2016. Hivyo soko linategemea zaidi matairi kutoka nje, mapya na mitumba. Yale mapya huagizwa kwa dola, na shilingi inaposhuka thamani bei yake hupanda. Mwenye mtaji mdogo hujikuta akichukua lolote la bei nafuu linaloingia kwenye rimu, hata kama lilitengenezwa kwa ajili ya gari dogo la kutembelea.

Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Kusoma ubavu wa tairi

Chukulia pikapu ya tani 1 yenye rimu za inchi 14. Dukani mwenye pikapu anaweza kuonyeshwa matairi mawili. Moja limeandikwa 195/70R14 91, jingine 195R14C 106/104. Yote yanaingia kwenye rimu hiyo, na la kwanza kwa kawaida ni rahisi zaidi.

Namba za mwisho ni alama za uzito. Namba 91 maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja. Namba 106 ni kilo 950. Namba 104, yaani kilo 900, inahusu magari yanayofungwa matairi mawili mawili kila upande. Herufi C, au LT kwenye baadhi ya matairi ya Japani, huonyesha kuwa tairi ni la gari la mizigo.

Kwa hiyo ekseli ya nyuma yenye matairi mawili ya gari dogo ina uwezo wa kilo 1,230. Ikiwa na matairi ya mizigo, uwezo ni kilo 1,900. Tofauti ni kilo 670, karibu magunia 7 ya kilo 100.

Lumbesa nayo imo

Wengi hupiga hesabu kwa magunia: magunia 10 ni tani 1, basi safari ianze. Hesabu hiyo ni sahihi pale gunia linapokuwa na kilo 100, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachotakiwa na sheria ya vipimo. Gunia la lumbesa halifuati hesabu hiyo. Likiwa na kilo 130, magunia 10 yanakuwa kilo 1,300.

Sehemu kubwa ya mzigo wa pikapu hukaa juu ya ekseli ya nyuma. Chukulia kuwa gari tupu lenyewe linaweka kilo 600 kwenye ekseli hiyo. Jumla inakaribia kilo 1,900. Matairi ya gari dogo hapo yamezidiwa kwa zaidi ya nusu ya uwezo wake, na hata matairi ya mizigo yamefika mwisho. Lumbesa inayomnyonya mkulima shambani inamrudia mwenye gari barabarani.

Isitoshe, mizani za barabara kuu hupima magari yenye uzito wa jumla kuanzia tani 3.5. Pikapu ndogo haiingii humo, hivyo hakuna wa kumwambia dereva kuwa amezidisha. Mizani yake ni namba iliyoandikwa kwenye tairi.

Tairi lililozidiwa mara nyingi halipasuki hapo hapo. Ubavu wake hupinda kila linapozunguka, kupinda huzaa joto, na joto huachanisha mpira na nyuzi za ndani. Ndiyo maana gari linaloondoka salama huweza kukwama baada ya kilomita mia na zaidi. Gari linalotoka Ilula na nyanya kwenda Dar es Salaam hushuka Kitonga, kisha huingia kwenye joto la Ruaha Mbuyuni na Mikumi. Tairi likipasuka kwenye mteremko huo, kinachopotea kinaweza kisiwe nyanya peke yake.

Upepo nao ni sehemu ya hesabu. Tairi la mizigo la saizi iliyotajwa, lenye alama 8PR, hubeba uzito wake wote likiwa na upepo wa karibu paundi 65. Likijazwa 35 kama la gari dogo, mnunuzi amelipia nguvu asiyoitumia. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, kabla ya safari. Kuutoa njiani kwa sababu tairi limepata moto ni kosa, kwani likipoa litakuwa na upepo pungufu.

Mtumba wenye kashata nzuri

Tairi la mtumba huuzwa kwa kuonyesha kashata. Lakini mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Karibu na herufi DOT kuna tarakimu nne: 1419, kwa mfano, ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Watengenezaji wakubwa hushauri tairi lisitumike zaidi ya miaka 10, hata kama kashata ni nzima. Nyufa ndogo ubavuni, uvimbe, au kashata zilizochongwa upya kwa kisu ni sababu tosha ya kuliacha.

Kuna mtego mwingine kwenye mitumba ya Japani. Baadhi ni matairi ya barafu, yenye neno STUDLESS au alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Mpira wake ni laini, huisha haraka kwenye lami ya joto na breki zake hazishiki vizuri.

Bei nayo ipimwe kwa kilomita. Chukulia mtumba wa Sh60,000 unaodumu kilomita 10,000: kila kilomita inagharimu Sh6. Tairi jipya la Sh200,000 likidumu kilomita 50,000, kila kilomita ni Sh4. Hapo hazijahesabiwa pancha, wala tenga za nyanya zilizooza gari likisubiri fundi.

Barabara iamue kashata. Anayetembea zaidi kwenye lami anafaa kuchukua H/T. Anayechanganya lami na vumbi achukue A/T. M/T ni kwa wanaoshinda kwenye matope, kwani kwenye lami hupiga kelele, hula mafuta na huisha mapema.

Asiye na fedha za matairi manne anaweza kuanza na mawili ya aina moja kwenye ekseli moja. Vyama vya ushirika ambavyo hununua mbolea kwa pamoja vinaweza kuagiza matairi kwa njia hiyo hiyo, wanachama wenye magari wakaelewana saizi na kupata bei ya jumla.

Kabla ya kulipa, mnunuzi asome mambo matatu ubavuni: namba ya uzito, herufi C au LT, na tarakimu nne za tarehe. Kisha apime gunia moja kabla halijapakiwa, ajue anabeba kilo ngapi.