Wembe wa bibi na kundi A
Mwandishi, hapo uliposema homa ya ini B ni ileile dunia nzima umeteleza kidogo. Kirusi chake kina makundi, A mpaka J. Huku Afrika Mashariki limetapakaa A, Afrika Magharibi ni E, na Waaborijini wa kaskazini mwa Australia wana tawi lao la kundi C. Tena damu ya Mwaborijini ndiyo iliyompa mwanasayansi Blumberg antijeni ya kirusi hiki miaka ya 1960, ikaitwa ya Australia. Kwetu Masagati nani alikuwa na habari hizo? Kaka yangu alijua kuwa anacho kirusi siku shemeji alipohitaji damu, tukashuka Ifakara kumchangia. Damu ya kaka ilipopimwa, akaitwa pembeni. Mtu anabeba gunia la mpunga bila kuhema, macho meupe kabisa! Nyumbani wakasema karogwa, bibi akatoa wembe uleule aliotuchanjia chale sote. Nikasema bibi, samahani, kirusi hiki kinapita kwenye damu, wembe huo leo hapana. Na wewe hapo juu unayedai chanjo haitufai kwa kuwa kirusi chetu ni tofauti: sehemu ya ganda inayolengwa na chanjo karibu ni ileile kwenye makundi yote, A ikiwemo. Watoto wetu Tanzania wanachanjwa tangu 2002, siku hizi wiki ya 6, 10 na 14. Tuliozaliwa kabla ndio tulirukwa. Kaka anapima ini kila miezi sita, na nauli ya masika anaijua aliyewahi kukwama njiani Mlimba.