Bata Anayeyumba Asiwahiwe kwa Kisu

Huku kwetu Mtwara, kuku akianza kuzubaa na kushusha mabawa, mwenyewe hukimbilia kisu. Akichelewa, kuku atakuwa kibudu, na kibudu hakiliwi. Desturi hii ina busara yake. Lakini tukiipeleka bondeni kwa batamwitu anayeyumba majini, inaweza kututia kaburini, kwa sababu kisu huhalalisha nyama tu, sumu hakiiondoi.

Nauleta mjadala huu kutoka Chikongola, hapa Mtwara, kwa kuwa sisi ni majirani wa vinamasi. Maingilio ya Mto Ruvuma, pamoja na Ghuba ya Mnazi, ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Upepo wa kaskazi unapovuma, ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia huwa wameshafika pwani yetu, wakichangia matope na maji na ndege wenyeji. Siku bata wakianza kufa kwa wingi huko, au kushambuliana kuliko kawaida, tutafanya nini?

Kwanza tutenganishe ukali na ugonjwa. Bata mwenye kiota humfukuza yeyote anayesogea. Kiangazi kinapokausha madimbwi, ndege wengi hubanana penye maji machache na kugombana. Hayo ni ya kawaida. Ila bata anayejizungusha majini, anayepinda shingo, anayetetemeka au asiyemwogopa mtu, huyo si mkali. Mishipa yake ya fahamu imeguswa, na dalili hizo zinaweza kuletwa na virusi au na sumu. Kwa macho tu, hakuna awezaye kusema ni kipi.

Majirani zetu wamekwisha kuona yote mawili. Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua ya ndege aina ya H5N8 baada ya buabua kufa kwa wingi Lutembe, kwenye Ziwa Victoria karibu na Entebbe. Bata na kuku wa kufugwa nao wakakutwa na virusi hivyo huko Masaka. Bunyala, magharibi mwa Kenya, hapakuwa na ugonjwa. Wawindaji walitega majaluba ya mpunga kwa kabofurani, dawa ya kuulia wadudu, wakaua batamwitu na korongo, kisha nyama ikauzwa kwa watu kama kitoweo. Mtengenezaji wake wa Marekani alitangaza mwaka 2009 kuiondoa sokoni Afrika Mashariki, lakini mitego iliendelea. Na hapa Tanzania, mwaka 2004, flamingo walikufa kwa wingi Ziwa Manyara na Momela Kubwa. Watafiti walipochunguza, kidole kikaelekezwa kwenye sumu ya mwani.

Vifo vinafanana, tiba hazifanani. Mafua hudai kutenga mifugo. Kabofurani hudai polisi na mkaguzi wa viuatilifu. Sumu ya mwani hudai tuyatazame maji yenyewe. Ndiyo maana nasema mzoga ni ushahidi. Anayeula anaufuta, na huenda akaulipia kwa uhai wake. Anayeutupa majini naye anakosea: kwenye ugonjwa wa botulizimu, sumu huongezeka ndani ya mizoga, funza huibeba, bata wazima hula funza, wakafa.

Wapo watakaotaka ndege wa porini wauawe au wafukuzwe wote. Hofu yao naielewa, lakini ndege aliyefukuzwa akiwa na virusi huhamia kinamasi kingine na kuvipeleka huko.

Pingamizi zito zaidi ni la mama mwenye kuku wanane. Akitoa taarifa na mafua yakithibitika, kuku wake huenda wakaangamizwa wote. Kwake, kunyamaza kuna faida ya wazi, na kumwita mjinga ni kumwonea. Hatutamshawishi kwa mabango. Tutamshawishi kwa ahadi ya fidia iliyotangazwa kabla ya maafa, inayolipwa haraka, ili kusema ukweli kusimfilisi.

Maabara haiko mbali: Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo hapa Mtwara. Kinachopaswa kuimarishwa ni njia ya kutoka kwa mvuvi na mkulima wa mpunga hadi kwenye kituo hicho, kabla joto la pwani halijauozesha mzoga. Namba ya afisa mifugo wa kata ibandikwe bandarini, sokoni na misikitini. Wavuvi, ambao ndio hupita mikokoni alfajiri, wafundishwe wasiushike mzoga kwa mikono mitupu, waweke alama mahali walipouona na wapige simu siku hiyohiyo. Na anayepiga simu arudishiwe majibu ya maabara, kwa kuwa mtu asiyejibiwa mara moja hatapiga mara ya pili.

Tuna desturi inayotukataza kula kibudu, na tumeishika bila kusukumwa na askari. Tuiongezee jambo moja: ndege wa porini anayeyumba naye ahesabiwe kibudu, hata kama bado anapumua.