Mboga na Maji, Si Mboga na Chai



Jumapili baada ya Misa, akina mama wajawazito hutujia na kadi zao za kliniki mkononi. Swali lao karibu kila mara ni lile lile: "Nimeambiwa damu yangu ni kidogo, nile nyama na maini. Sasa nyama nitaitoa wapi?" Baadhi yao hawana fedha ya nyama. Wengine hawaili kwa hiari yao, au tumbo limeikataa tangu walipopata mimba. Wote hao hurudi nyumbani wakiwa wameshika neno moja tu: asiyekula nyama hana njia ya kupata damu.

Sisi hatukubaliani na neno hilo. Nyama ni chakula kizuri, na anayeipata aile kwa shukrani. Lakini kumwambia mama maskini "kula nyama" na kuishia hapo ni kumwongezea mzigo. Maoni yetu ni kwamba katika nyumba zetu nyingi chakula cha kuongeza damu kimo jikoni tayari. Tunachofanya ni kukiharibu mezani, na mharibifu mkubwa ni kikombe cha chai.

Tatizo si dogo

Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015-16, kati ya kila watoto 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59, watoto 58 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa 45 katika kila 100. Maana yake, ukiangalia benchi la akina mama kanisani, karibu nusu yao wanaweza kuwa na upungufu huo, hata kama wanaimba kwa sauti nzuri.

Madini ya chuma ndiyo yanayotengeneza wekundu wa damu, na wekundu huo ndio unaobeba hewa safi kutoka kwenye mapafu kwenda mwili mzima. Madini hayo yakipungua, mtu huchoka bila kazi, moyo hudunda akipanda kilima kidogo, na viganja na ndani ya kope hupauka. Mtoto husinzia darasani, nasi tunamwita mvivu. Mama anayejifungua akiwa na damu kidogo hana akiba. Damu ambayo mwenzake angeipoteza akapona, yeye inaweza kumtoa uhai. Ndiyo sababu tunalisema jambo hili kwa ukali kidogo.

Chuma cha nyama na chuma cha mimea

Chuma kilichomo kwenye nyama, maini, kuku na samaki hufyonzwa na mwili kwa urahisi. Mwili huweza kuchukua sehemu 15 hadi 35 katika kila 100. Chuma cha mimea ni kigumu zaidi, na mwili huchukua sehemu 2 hadi 20 tu. Tazameni lakini jinsi 2 na 20 zilivyo mbali. Sahani ya gramu 200 za maharage yaliyopikwa ina miligramu 4 hivi za chuma. Anayefyonza sehemu 10 katika 100 anapata mara tano ya yule anayefyonza 2, na wote wawili wamekula maharage yale yale kutoka chungu kimoja. Tofauti hutokana na akiba ya chuma iliyomo mwilini mwao, na pia kile walichokula au kunywa pamoja na maharage hayo.

Hapo ndipo chai inapoingia. Majani ya chai yana tanini, ambayo hushikana na chuma tumboni na kukizuia kisiingie mwilini. Kikombe kimoja kikinywewa pamoja na mlo kinaweza kuzuia nusu ya chuma cha mlo huo, au hata zaidi. Kahawa nayo huzuia, ingawa si kwa kiasi hicho. Kuongeza maziwa hakusaidii kitu.

Na hapa tukiri makosa yetu. Katika semina zetu za parokia tunawapikia watu wali na maharage, halafu kabla sahani hazijaondolewa birika la chai ya rangi linapita. Tunampa mtoto uji wa ulezi asubuhi, na pembeni kikombe chake cha chai. Tunatoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mkono mwingine. Hatusemi chai iachwe kabisa. Tunasema isubiri, saa moja hivi kabla ya chakula au saa moja hadi mbili baada yake. Watoto wadogo wasipewe kabisa.

Ndimu, pera na ubuyu

Kama chai ni adui wa chuma cha mimea, rafiki yake ni vitamini C. Hii hukibadili chuma kiwe katika hali ambayo mwili unaweza kukipokea, nayo imo kwenye machungwa, mapapai, maembe, mapera, ubuyu, ndimu na nyanya mbichi. Pera ni tunda la kuheshimiwa. Uzito ukiwa sawa, lina vitamini C mara nne hivi ya chungwa, na katika vijiji vingi watoto huliokota bure.

Lakini vitamini C huharibiwa na moto. Kwa hiyo ndimu ikamuliwe kwenye mchicha au maharage baada ya kuepua, si wakati yanachemka. Kachumbari ya nyanya iliwe pamoja na chakula chenyewe. Tunda nalo liliwe mezani wakati wa mlo, lisingojee jioni.

Bibi zetu walijua

Nafaka na maharage vina kitu kiitwacho faiteti, ambacho nacho hukishika chuma. Dawa yake bibi zetu walikuwa nayo bila kuijua kwa jina. Walikuwa wakiloweka maharage usiku kucha na kumwaga yale maji. Walikuwa wakiotesha ulezi kupata kimea, na kuchachusha togwa. Kuloweka, kuotesha na kuchachusha hupunguza faiteti na kukiachia chuma. Leo tunaona kimea ni mambo ya kizamani, tunanunua biskuti.

Vyakula vyenyewe vimejaa sokoni: maharage, kunde, choroko, dengu, mbaazi, mchicha, majani ya kunde na majani ya maboga, ulezi, ufuta na mbegu za maboga. Msizitupe mbegu za maboga. Zikaangeni, mzitwange, mzichanganye kwenye mboga. Wanaoweza kutumia dagaa wakiongeza hata kiganja kimoja kwenye maharage, chuma cha maharage yenyewe kitafyonzwa vizuri zaidi. Na wasiokula kabisa kitu chochote kitokacho kwa mnyama wajue kwamba vitamini B12, ambayo pia inahitajika kutengeneza damu, haipatikani kwenye mimea. Walau mayai na maziwa yatumike, au wamwone mganga awape vidonge vyake.

Wekundu wa sharubati si damu

Imeenea imani kwamba chochote chekundu huongeza damu. Watu hununua soda nyekundu, hukamua mabungo ya rangi, na hununua viazi vyekundu vya saladi, yaani bitiruti, kwa bei kubwa. Bitiruti ni chakula kizuri, lakini gramu 100 zake hazifikishi hata miligramu moja ya chuma. Maharage yaliyopikwa, uzito ule ule, yana miligramu 2. Soda haina cha kuongeza ila sukari. Mama aliyetumia fedha yake ya wiki kununua soda amedanganywa na rangi.

Na ule udongo unaouzwa sokoni kwa wajawazito, tunasema wazi usiliwe. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua, lakini udongo wenyewe huweza kukizuia chuma na kuleta mayai ya minyoo.

Chakula si mbadala wa dawa

Tusieleweke vibaya. Mjamzito anahitaji chuma kingi kuliko chakula peke yake kinavyoweza kumpa, hata akila nyama. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki avimeze kila siku kama alivyoelekezwa, kwa maji au maji ya chungwa, si kwa chai. Tunajua vingi huishia chini ya godoro. Choo kikiwa cheusi, asiogope, ni chuma tu. Kichefuchefu kikizidi, avimeze baada ya kula, au amweleze nesi. Vifungiwe mbali na watoto, kwa maana mtoto mdogo akivimeza vingi anaweza kufa.

Tena, si kila upungufu wa damu ni wa chakula. Malaria huangamiza damu, safura huinyonya, na hedhi nzito huimwaga. Mwenye ugonjwa wa selimundu asimeze vidonge vya chuma kwa ushauri wa jirani. Kwa hiyo kwanza pimeni. Mjamzito ambaye wekundu wa damu yake umeshuka chini ya gramu 7 ni mgonjwa wa hospitali, si wa jikoni.

Neno kwa akina baba

Katika nyumba nyingi finyango ya kwanza ni ya baba, na mama hula akishamaliza kuwagawia wote. Mwanamume mzima anahitaji miligramu 8 za chuma kwa siku. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anahitaji 18, na mjamzito 27. Hesabu ya mwili imepingana na hesabu ya meza yetu. Baba anayempenda mkewe ampishe kwenye sahani. Hilo nalo ni tendo la ndoa takatifu.

Na katika Kwaresima, sheria ya Kanisa ya kufunga haikuwekwa ili imdhoofishe mgonjwa wala mjamzito. Mwenye damu kidogo atafute malipizi mengine. Kuacha chai wakati wa chakula kwa siku arobaini ni malipizi mazuri kabisa.

Katika sura ya kwanza ya Kitabu cha Danieli, vijana wanne walikataa chakula cha mfalme, wakaomba wajaribiwe kwa siku kumi. Mwisho wa siku hizo walionekana wenye afya kuliko waliokula cha mfalme. Lakini angalieni walichoomba: mboga na maji. Hawakuomba mboga na chai.

Basi nasi tujaribu, si siku kumi bali miezi mitatu, maana damu hujengwa polepole. Maharage yalowekwe, ndimu ikamuliwe, birika lisubiri. Halafu mama arudi kliniki, apimwe tena, alinganishe na namba iliyoandikwa kwenye kadi yake ya kwanza.