Simu na Redio Kubwa ya Sebuleni

Nyumba nyingi zingali na ile redio kubwa iliyonunuliwa zamani kwa fedha nyingi, yenye spika mbili za masanduku. Kaseti zimechakaa, nyimbo zimehamia katika simu, na wenyewe hudhani chombo hicho sasa ni cha kufunikwa kitambaa tu. Sivyo. Kinachohitajika ni waya wenye plagi moja ya milimita 3.5, na upande wa pili plagi mbili: nyekundu ya spika ya kulia, nyeupe ya kushoto.

Nyuma ya redio huwapo matundu yaliyoandikwa AUX na PHONO, na hapo ndipo wengi huponzwa. PHONO liliwekwa kwa ajili ya sindano ya santuri, ambayo umeme wake ni hafifu mno na hukuzwa maradufu. Nguvu ya simu ikipitishwa humo, sauti hukwaruza na spika zaweza kuharibika. Lifaalo ni AUX.

Tangu iPhone 7 ya mwaka 2016, simu nyingi hazina tundu la waya huo. Hutakiwa kiunganishi cha tundu la chaji, nacho kijaribiwe dukani kwa simu yenyewe kabla ya kulipiwa, kwani vingine, vya bei rahisi hasa, hukaa kimya kabisa. Kipokezi cha Bluetooth huondoa udhia wa waya, ila kuta nene huikatakata sauti.

Sauti ya simu ipandishwe karibu na mwisho, kisha redio ifunguliwe polepole. Ukisikika mvumo simu ikiwa katika chaji, chaji ichomolewe.