Otomatiki Inavuta, Lakini Haioni Mteremko

Leo naweka kando mambo ya kompyuta tuongee kuhusu pikapu. Lakini msiondoke, maana mwishowe tutarudi kule kule kwenye programu.

Kuna imani moja ambayo nimeisikia tangu utotoni: ati gari la otomatiki ni la kwenda ofisini na kanisani, na ukitaka kuvuta mzigo mzito utafute la gia za mkono. Mzee mmoja wa Limuru aliniambia hivyo asubuhi tulipokuwa tukipakia ng'ombe wawili wa maziwa kwenye trela la shemeji yangu, tuwapeleke Naivasha. Aliichungulia ile pikapu ya dizeli, akaona haina klachi, akatikisa kichwa. "Kijana, hii itakuaibisha mlimani."

Mlimani haikuniaibisha hata kidogo. Aibu niliipata nikishuka, na kosa lilikuwa langu.

Kwanza tumjibu mzee, kwa heshima. Zamani alikuwa na haki ya kusema vile. Giaboksi ya otomatiki haina klachi ya kukanyagwa. Kati yake na injini kuna chombo chenye mafuta: upande mmoja unasukuma mafuta, na mafuta yanazungusha upande wa pili. Wakati wa kung'oa nanga, chombo hicho huongeza nguvu ya kuzungusha, ndiyo maana otomatiki huondoa trela polepole bila kurusha mtu. Ubaya ni kwamba pande hizo mbili zikipishana mwendo, mafuta huchemka, na mafuta yakiungua giaboksi inakufa. Magari ya siku hizi yana klachi ndogo ndani ya chombo hicho, inayofunga pande zote mbili pamoja gari likishika mwendo. Kupishana kunakwisha na joto linapungua.

Ukitaka ushahidi, tazama watengenezaji wenyewe. Toyota ilipotoa Hilux mpya mwaka 2015, injini ya dizeli ya lita 2.8 ilipewa Newton-mita 450 kwenye otomatiki, lakini 420 tu kwenye gia za mkono. Mwaka 2020 otomatiki ikapandishwa hadi 500, ya mkono ikabaki pale pale 420. Kule Australia, ambako watu huvuta mashua na nyumba za magurudumu kila likizo, Hilux hiyo ya 4x4 ya otomatiki iliruhusiwa kilo 3,200 mwaka 2015, na ya mkono 3,500. Kufikia 2020 zote mbili ziliruhusiwa 3,500. Na Marekani, Ram ndiyo iliyokuwa pikapu nzito ya mwisho kuuzwa na gia za mkono. Ya mwaka 2018 ilikuwa ya mwisho. Kwa hiyo kwenye kuvuta, mjadala umekwisha.

Sasa turudi kwa ng'ombe wangu. Tulifika Rironi, tukashika barabara ya chini kuelekea Mai Mahiu. Lever iko kwenye D, mimi na shemeji tunapiga stori. Mteremko ulipoanza, gari likafanya lile ambalo programu yake iliandikiwa kufanya: mguu umetoka kwenye mafuta, injini haina kazi, basi tupande gia ya juu tuokoe dizeli. Mimi nikashika breki. Nikashika tena. Baada ya kona kadhaa nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, kisha pedali ikaanza kuwa laini na kushuka chini zaidi kila nikiikanyaga. Ng'ombe wawili nyuma, lori mbele, na upande wa kushoto ni bonde lote la Ufa. Shemeji alinyamaza ghafla. Niliivuta lever upande wa gia za kuchagua, nikashuka hadi ya pili, injini ikapiga kelele, lakini mwendo ukapungua. Tukapata mahali pa kusimama kabla ya kale kanisa kadogo kalikojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Magurudumu yalikuwa yanatoa moshi.

Dereva mmoja wa lori aliyekuwa amesimama hapo alitutazama, hakutucheka. Alisema tu, "Boss, mteremko unashukwa na gia ile ile ungeupandia."

Piga hesabu uone alichomaanisha. Pikapu kilo 2,200, trela na ng'ombe 1,800, jumla kilo 4,000. Kila mita 100 unazoshuka kwenda chini, uzito huo unaachilia nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita 11 za maji ya bomba. Nishati hiyo lazima iende mahali. Usipoipeleka kwenye injini, inaenda kwenye breki. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke, na mvuke unabonyea. Ndiyo maana pedali inakuwa laini. Tena dizeli haina ile valvu ya kuziba hewa kama injini ya petroli, kwa hiyo ukiacha mafuta tu haikushiki sana. Inakushika ukiizungusha kwa kasi, yaani kwenye gia ya chini.

Na hapa ndipo kazi yangu ya kuandika programu inaponisuta. Kompyuta ya giaboksi inasoma mwendo wa magurudumu, mzigo wa injini, mguu wako. Macho haina. Haijui kuwa umefunga trela, wala kuwa baada ya kona kuna kilomita nyingine za kushuka. Inajibu kilichokwisha kutokea. Sisi tunaoandika programu tunajua vizuri: mashine ikikosa habari inachukua jibu la kawaida, na jibu la kawaida la D ni barabara tambarare bila mzigo. Kitufe cha kuvutia trela, kama pikapu yako inacho, ni njia ya kuipa habari hiyo. Ukikibonyeza, giaboksi haikimbilii gia za juu, na nyingine hushusha gia zenyewe ukigusa breki. Usipokibonyeza, usiilaumu.

Nami nilikuwa na kosa kubwa zaidi. Trela letu halikuwa na breki zake, na kwa pikapu nyingi za aina hii kikomo cha trela lisilo na breki ni kilo 750. Mimi nilivuta zaidi ya mara mbili ya hapo. Giaboksi yoyote, ya mkono au otomatiki, isingenisamehe.

Kwa hiyo nunua otomatiki bila wasiwasi. Lakini hakikisha trela zito lina breki, badilisha mafuta ya breki na ya giaboksi mapema kuliko mtu asiyevuta, ongeza kipozeo cha mafuta ya giaboksi kama ni kazi ya kila wiki, na uchague gia ya chini kabla mteremko haujaanza. Ukingoja harufu, umechelewa.

Ng'ombe walifika Naivasha salama, jioni. Shemeji alitia breki kwenye trela mwezi uliofuata. Na yule mzee wa Limuru bado anasema ni otomatiki iliyotaka kutuua. Nimemwambia hapana mzee, ni dereva aliyelala kwenye D.