Mashine ya Salfa Huharibikia Stoo

Mikorosho ya Masasi na Newala inapoanza kuchanua mwezi Juni, mashine za kupulizia salfa hutolewa stoo, petroli hujazwa, kamba huvutwa mpaka bega linauma, na nyingi hazitaki kuwaka. Lawama huangukia mashine: ni feki, imechoka, ya bei rahisi haidumu. Mara nyingi lawama hiyo si ya haki. Injini hizi haziharibiki Juni. Huharibika katika miezi ile zilipolala na petroli ya msimu uliopita tumboni. Ndiyo maana naona vyama vya msingi vya ushirika vinavyogawa salfa vinapaswa pia kusimamia jinsi mashine zinavyohifadhiwa baada ya upuliziaji kwisha.

Ushahidi uko ndani ya kabureta. Mashine hizi hutumia petroli iliyochanganywa na oili, sawasawa na injini nyingi ndogo za boti za wavuvi kule pwani ya Mtwara, na ugonjwa wa zote ni mmoja. Mchanganyiko ukikaa miezi, sehemu nyepesi ya petroli huruka hewani, na ile nzito hubaki pamoja na oili, ikiganda kuwa utando unaonata. Tundu la jeti ni jembamba mno, na utando kidogo tu hulifunga. Kulijua hilo hakuhitaji karakana. Vuta kamba mara kadhaa, kisha fungua plagi uitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki, na dawa ni kumwaga ya zamani, kusafisha kabureta na chujio, kisha kuweka mpya. Ikiwa imelowa, petroli inafika, hivyo tafuta kasoro kwenye plagi au umeme wake, na usipime cheche karibu na petroli wala mifuko ya salfa, kwa sababu vyote hushika moto. Kununua plagi mpya kabla ya kuitazama ya zamani ni kutupa hela. Tena salfa yenyewe ina madhara yake: vumbi linaloachwa kwenye injini likikutana na unyevu wa masika hula chuma.

Mashine kushindwa kuwaka si jambo dogo, kwa kuwa salfa hupulizwa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu wa mikorosho. Ugonjwa huu ulitambuliwa nchini Tanzania mwaka 1979, wakati zao la korosho lilikuwa limeshaanza kuanguka kutoka kilele cha tani zipatazo 145,000 za msimu wa 1973/74. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Bei duni na kuhamishiwa kwa watu vijijini vilichangia sana, lakini ugonjwa ulizidi kulididimiza zao, na salfa ni miongoni mwa vitu vilivyolinyanyua. Kuvu hushambulia ua likiwa changa, na dawa hurudiwa kila baada ya wiki 2 hivi. Wiki inayopotea ukimsubiri fundi haifidiwi na salfa ya ruzuku, hata ikija bure na kwa wakati. Na kwa kuwa mashine zote huamshwa pamoja, foleni kwa fundi haiwezi kuwa fupi.

Wapo watakaosema mkulima hana nafasi, kwani upuliziaji ukiisha korosho zinaanza kudondoka na kila mkono unaokota. Ni kweli, ila kazi yenyewe haimalizi hata saa moja: kumwaga tangi, kuiacha injini iungurume mpaka ijizime kwa kukosa mafuta, kufuta vumbi, kuifunika mahali pakavu mbali na mifuko ya salfa. Wengine watasema petroli ni ghali, haimwagwi. Isimwagwe, apewe jirani ambaye bado anapulizia, au tangu mwanzo yachanganywe mafuta ya kutosha kazi ya siku hiyo tu. Hoja nzito zaidi ni ya mashine za kukodi, zinazopita mikono mingi bila mwenyewe kujulikana siku ya kuhifadhi. Hapa ndipo chama cha msingi kinapohitajika. Kinamjua kila mwanachama na ghala kinalo. Kimlipe fundi mmoja siku chache mwishoni mwa Septemba, mashine ziletwe, zikaushwe mafuta na kila moja iandikwe kwenye daftari kwa jina la aliyeileta, ili Mei inayofuata chama kijue mapema zipi zinahitaji vipuri.