Juu ya Timu za Vyuo na Mwaka wa Kujijenga Upya

Ndugu wanachama, twaomba nafasi katika gazeti letu tuseme neno juu ya jambo ambalo wengine huliona la watoto, nalo ni timu za mpira za vyuo vyetu hapa Mtwara. Kila mwaka, wanafunzi wapya wakiisha kuingia, yasikika maneno yale yale mabarazani: timu ya chuo imekufa, ya mwaka jana ilikuwa timu, hii ya sasa ni mkusanyiko wa wageni. Sisi twaona kwamba wasemao hivyo hawajafahamu chuo ni kitu gani.

Kazi ya chuo ni kutoa watu. Mwanafunzi wa ualimu hukaa miaka miwili au mitatu, akiisha kupata cheti huondoka, na yule mlinda mlango aliyekuwa ngome ya timu huenda akafundisha Newala, au Tandahimba, au hata Kigoma. Mwalimu wa michezo hubaki na nusu ya kikosi, na hao wapya hawajajuana hata majina. Hana budi kuanza tena: nani hupiga kwa mguu wa kushoto, nani aweza kukimbia hata dakika ya mwisho, nani akikosolewa hununa. Timu ya namna hiyo ikifungwa mechi tatu za kwanza, hapana la kushangaza. Lifaalo kutazamwa ni kama mwezi wa tatu yacheza vizuri kuliko mwezi wa kwanza, na kama wale wa mwaka wa pili wamewafundisha wadogo zao kabla ya kuondoka.

Wala jambo hili si geni. Mpira uliingia katika nchi hizi kwa mlango wa chuo. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wanafunzi wa Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, Unguja, kilichokuwa cha misioni ya UMCA, walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuucheza, na waliotumwa bara kuwa walimu waliuchukua pamoja na vitabu vyao. Misioni hiyo ilikuwa na kituo Masasi tangu mwaka 1876, hivyo sisi wa Kusini hatukuchelewa kupata habari. Kiungani ilipoteza wachezaji wake kila mwaka, na kwa kupoteza huko mpira ukaenea. Makarani wenzetu wakumbuke pia kwamba Bwana Martin Kayamba, aliyeanzisha Chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali mjini Tanga mwaka 1922, alisoma chuo hicho hicho. (Hatusemi kwamba alikuwa hodari wa mpira, hatukumwona.)

Sasa twageukia timu ya mji, maana ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Ndanda, Wanakuchele, ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2014/15, ikadumu misimu 6, ikashuka mwaka 2020. Siku Simba au Yanga walipokuja Uwanja wa Nangwanda Sijaona, mji mzima ulipata riziki: mama lishe, wauza samaki, wenye nyumba za wageni, vijana wa bodaboda. Riziki hiyo ilikoma. Na msimu ule ule wa kushuka kwetu, jirani zetu Namungo wa Ruangwa, ndio kwanza wamepanda, walifika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakafungwa na Simba mabao 2 kwa 1 huko Sumbawanga, kisha wakapata kwenda kucheza mashindano ya Afrika. Basi hapana awezaye kusema kwamba Kusini ni mbali mno kwa mpira.

Tangu hapo wako wasemao kwamba dawa ni kuleta wachezaji kutoka Dar es Salaam. Twauliza: kwa fedha gani? Mfuko wa mji huu ni korosho, na korosho hailipi sawasawa kila mwaka. Wote twakumbuka mwaka 2018, wakulima walipoikataa bei ya mnada, Serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kilo, na jeshi likasomba mzigo. Wako waliongoja malipo yao muda mrefu. Hatusemi kwamba hilo ndilo lililoishusha timu. Twasema kwamba timu iliyojengwa kwa wachezaji wa kununuliwa huyumba pamoja na mnada.

Maoni yetu ni kwamba kitalu kiwe hapa hapa: Chuo cha Ualimu, Stella Maris, shule za Ndanda na Chidya. Mwaka 2021 michezo ya UMISSETA ilifanyika Mtwara, vijana wa mikoa mbalimbali wakacheza mbele ya macho yetu, nasi tulipiga makofi tukaenda nyumbani. Watatujibu kwamba mwanafunzi haachi kuondoka. Ni kweli. Lakini mchezaji wa kununuliwa naye huondoka, tena pengine katikati ya msimu, wala hamfundishi mtu nyuma yake.

Twaweka sharti moja tu, nalo ni zito: kijana asitolewe darasani kabla ya mtihani wake. Sisi tukaao ofisini twajua vema mtu asiye na cheti hupokewaje dirishani, hata kama jana alishangiliwa na uwanja mzima. Goti likivunjika, hapana kiongozi wa timu atakayempa kazi.

Kwa hiyo twawaomba wanachama, hasa waliopata kucheza chuoni, wasiwaachie walimu wa michezo peke yao. Mwenye ujuzi wa uamuzi na apulize filimbi. Mwenye hesabu nzuri na ashike daftari la michango. Mwenye viatu vya zamani na avitoe. Ofisi hufungwa saa tisa na nusu, na jua la Mtwara hupungua ukali yapata saa kumi na nusu, ndipo vijana waingiapo uwanjani.